Moshi Unaoingia Bila Hodi

Tangu tumzike baba, majirani wa Mwembesongo na marafiki niliosoma nao chuo wananiuliza maswali mawili. La kwanza, ile safari ya meli ilikuwaje. La pili, yule mzee mgeni aliyegonga jeneza watu wakacheka ni nani, na kwa nini hakuna aliyemtoa. Nimekuwa nikijibu vipande vipande, na kila mtu anaondoka na kipande chake na kukiongezea chumvi. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Habari za tiketi, pasi na foleni naziruka. Hazikunivutia wakati ule na sasa ndiyo kabisa.

Kwa wasioijua familia yetu: baba alifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku hapa mjini Morogoro tangu kabla sijazaliwa mpaka kifua kilipomkatalia. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Lilikuwa ni lile vumbi la majani makavu, alilipumua asubuhi mpaka jioni, na akalileta nyumbani kwenye nguo tukalizoea kama harufu yake. Alipoacha kazi alirudi kwao mlimani, juu ya Mkuyuni, kwenye migomba na mikarafuu yake. Kaka yangu Pius ni mpishi kwenye meli ya kitalii. Ndiye aliyepata nafasi mbili za ndugu wa wafanyakazi, akasema hewa ya bahari itamsaidia mzee.

Nilimuuliza kwenye simu ni daktari gani aliyesema hivyo.

"Wewe Kosmas, shule imekuharibu," akanijibu. Jina la daktari sikupewa.

Kushuka mlimani

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ya kutoka nyumbani ilikuwa tope tupu. Baba alikataa kubebwa. Alishuka kwa mkongojo, akisimama kila baada ya migomba michache, na kila aliposimama alijifanya anaangalia shamba la mtu. Nami nikajifanya nayaangalia hayo mashamba. Chini kidogo tukapata pikipiki, tukafika Mkuyuni, na Mkuyuni tukakwama. Udongo ulikuwa umeporomoka na kuziba barabara mbele, gari halipiti mpaka vijana wamalize kuuondoa kwa majembe.

Tukakaa sokoni kwa mama anayeuza mapeasi na ndizi za kuchoma. Alimfahamu baba tangu zamani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mnampeleka hospitali?" Aliniuliza mimi, kama vile baba hasikii.

"Tunaenda kupanda meli," baba akasema mwenyewe.

"Meli ya kwenda wapi?"

"Inakwenda mpaka Ngazija, kule Komoro, halafu inarudi."

Yule mama akageuza ndizi zake kwenye jiko. "Inarudi palepale ilipotoka?"

"Palepale."

"Sasa mnaifuata nini?"

Baba akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akainama muda mrefu ameshika magoti. Yule mama akamfungia karafuu kwenye kipande cha gazeti ili atafune njiani. Baba alikuwa na mfuko mzima wa karafuu zake mwenyewe kwenye begi, lakini alizipokea na kushukuru. Lile swali lilibaki kichwani mwangu. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika safari ile.

Mjini, halafu reli

Tulilala chumbani kwangu Mwembesongo, asubuhi tukapanda treni. Baba alikaa dirishani upande wa milima na hakusema neno mpaka milima ilipopotea. Kisha akaniuliza kama na baharini kuna mahali pa kuangalia nje. Nikamwambia Pius amesema chumba chetu kina kibaraza chake, na viti viwili.

"Basi inatosha," akasema.

Bandarini Dar tulisubiri sana. Jua lilikuwa kali, hakuna aliyejua kwa nini watu hawaruhusiwi kuingia, na kila aliyevaa sare alitutuma kwa mwenzake. Baba alikaa juu ya begi akala chapati na maharage niliyomnunulia nje ya geti. Abiria wengi walikuwa wazungu wazee waliovaa kofia pana. Mmoja wao, mama mwenye miguu myekundu kwa jua, alimpisha baba penye kivuli bila kuambiwa. Baba akamwambia asante mara tatu, yule mama akajibu kwa lugha ambayo haikuwa Kiingereza, nao wakatabasamiana mpaka tukaitwa.

Chumba cha upande wa kushoto

Tatizo la chumba lilionekana mapema. Kiyoyozi kilipuliza baridi, na baridi ile ilimkaba baba kifua. Tukikizima, chumba kinakuwa jiko. Kwa hiyo mahali pekee alipoweza kupumua ni kile kibaraza, chembamba, chenye viti viwili na reli ya chuma, na bahari chini. Kati ya kibaraza chetu na cha jirani kulikuwa na ukuta wa plastiki mweupe, usiofika juu wala ukingoni. Mtu wa upande wa pili humwoni, lakini akiwasha kiberiti unasikia.

Tulisikia kiberiti kabla meli haijatoka bandarini. Moshi ukazunguka ukingo wa ule ukuta ukamkuta baba kitini.

Nikaenda mapokezi. Kijana wa pale, mtu wa Mombasa, mpole sana, alinieleza kwamba upande wa kulia wa meli hairuhusiwi kuvuta kwenye vibaraza, na upande wa kushoto inaruhusiwa. Sisi tulikuwa kushoto. Meli imejaa, hakuna chumba cha kuhamia.

"Na nani aliyemweka mgonjwa wa kifua kwenye upande wa wavutaji?"

Akashangaa kweli. "Mimi nilimuuliza kaka yako mwenyewe. Nikamwambia, mzee wako anavuta? Akaniambia, anavuta, asubuhi na jioni. Nikaona nimfanyie hisani nimpe kushoto, asisumbuke kupanda juu wanakovutia wengine."

Nilimwendea Pius jikoni. Alikuwa anamenya viazi, akasimama na kisu mkononi. Ndiyo, aliulizwa hivyo. Walikuwa wanazungumza habari za ugonjwa, basi yeye akafikiri anaulizwa kama mzee anavuta dawa, ile pampu yake ya kifua. Na kweli baba alikuwa anaivuta asubuhi na jioni.

Lugha yetu ina neno moja kwa sumu na kwa dawa, na hakuna aliyelaumika. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Ningependa awepo wa kulaumiwa.

Nilirudi kibarazani nikamkuta baba ameziba pua kwa leso, na ule moshi unakuja. Nikajikaza, nikazungumza na ule ukuta kwa Kiingereza changu cha chuo, kwa adabu zote nilizofundishwa: samahani bwana, naomba radhi kwa usumbufu, baba yangu ana maradhi ya kifua, kama ungeweza kutufikiria. Sauti nzito ikanijibu kwa Kiingereza vilevile, kwa adabu vilevile, kwamba anasikitika sana, lakini upande huu unaruhusiwa na magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi.

Alikuwa na haki yake na baba alikuwa na kifua chake.

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Anasema ni haki yake."

"Mimi simkatazi haki," baba akasema, kwa Kiswahili, wala hakushusha sauti, maana nani angemwelewa. "Ila huyu mzungu moshi wake hauna adabu. Unaingia kwa watu bila hodi."

Mara ukuta ukagongwa, mara mbili, taratibu.

"Hodi," ikasema ile sauti nzito.

"Karibu," baba akajibu, kwa mazoea tu, kisha akanitazama macho yamemtoka.

"Shikamoo, kama wewe ni mkubwa wangu. Kama ni mdogo wangu, nakudai yangu. Nilidhani nimepakana na watu wa Marekani. Huyo kijana wako anaongea Kiingereza kama redio."

"Na sisi tulidhani wewe ni mzungu."

"Mzungu wa Urambo?"

Baba akakaa wima. Sikuwa nimemwona akikaa wima tangu tushuke mlimani. "Urambo? Wewe Mnyamwezi?"

"Wa kuzaliwa. Maganga. Na wewe?"

"Mluguru."

"Loo," ikasema sauti. "Kumbe nilikuwa namwomba radhi mtu asiyestahili."

"Nyamaza," baba akamjibu. "Ndiyo maana chumba kinanuka. Nikafikiri ni sigara, kumbe ni mwenyewe."

Utani

Nyinyi mliokulia mjini mnajua kwamba kuna makabila yanayotaniana, lakini sisi vijana tunaujua huo utani kama kitu cha kuchekea harusini. Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Kuna wanaosema ulianza enzi za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wanapita kwetu kwenda pwani. Nimeuliza watu wengi na kila mmoja ana hadithi yake, kwa hiyo siamini hata moja. Lakini niliyaona matokeo. Watu wawili ambao dakika moja nyuma walikuwa wanaumizana kwa adabu sasa walikuwa wanatukanana kwa raha, na sigara ilikuwa imezimwa.

Mzee Maganga alipitisha mkono wake kuzunguka ukingo wa ule ukuta, akapapasa mezani kwetu, akachukua karafuu za baba. Mtani haombi.

"Mwizi," baba akasema.

"Ninaonja tu chakula cha matanga. Unakufa lini nije nile ubwabwa?"

Mimi nilishtuka. Baba alikuwa anakufa kweli na wote tulilijua hilo. Nyumbani hakuna aliyethubutu hata kulikaribia neno lenyewe. Baba akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akatafuta pampu. Alipomaliza akasema, "Nikifa uje. Lakini ubwabwa utaukuta umekwisha. Waluguru tunakula haraka wageni wakionekana kwa mbali."

Wakawekeana utaratibu siku hiyohiyo. Mzee Maganga akitaka kuvuta anagonga ukuta na kusema, "Hodi, mtani, navuta." Baba anajibu, "Subiri niingie," anaingia chumbani, nafunga mlango wa kioo. Akimaliza na moshi ukiisha, anagonga tena: "Toka, maiti." Baba anatoka.

Mzee Maganga alitaka kuacha kabisa kuvuta pale. Nawaambia ili msimwone vibaya. Alisema atajikongoja mpaka juu, magoti yatajijua. Baba ndiye aliyekataa.

"Ukipanda juu utavuta na nani?" akamuuliza.

"Peke yangu."

"Na mimi huku nitamtukana nani? Huyu?" Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu ukimtania anataka ushahidi."

Niligombana naye mlango ulipofungwa. Nilimwambia kwamba kila akiingia humu baridi inamkaba, kwamba mgonjwa ndiye anayehama kumpisha mzima, na kwamba hiyo si adabu, ni kujiua kwa heshima. Akakaa kitandani amejifunika shuka mabegani, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, baba."

"Nyumbani watu wanakuja kuniona, wanashusha sauti. Hata mama yenu anashusha sauti. Huyu hashushi." Akavuta pumzi kidogo kidogo. "Niache."

Ukuta ukagongwa. Toka, maiti. Akatoka.

Ngazija

Kuhusu Ngazija mtasikitika, maana hatukuona kitu. Tulishuka gatini Moroni, miguu ya baba imevimba, tukasimama. Muuza maji alitusemesha kwa lugha yao, nusu tunaielewa na nusu inatuponyoka, tukaishia kununua kitu tusichokusudia, soda ya moto. Nyuma ya mji kulikuwa na mlima mkubwa, wingu limekaa juu yake.

Baba aliutazama muda mrefu. "Umefanana na wetu," akasema. Kisha akaomba turudi melini.

Nilitaka kucheka. Tumevuka bahari kuja kuangalia mlima wenye wingu. Lakini alikuwa anauangalia kama alivyoangalia dirishani mwa treni, na sikucheka.

Kurudi

Wakati wa kurudi bahari ilichafuka na chakula kikawa hakiliki. Pius alileta uji kwa siri, akaweka pilipili manga kidogo kama afanyavyo mama. Baba alikunywa vijiko vichache. Hodi ziliendelea, lakini "subiri niingie" ilikuwa inachukua muda mrefu zaidi kila mara, na nilikuwa nasikia kule upande wa pili mzee Maganga anasubiri, kiberiti hakiwashwi.

Alasiri moja, bahari imetulia kidogo, baba akamuuliza kule Urambo alikuwa anafanya kazi gani.

"Kazi gani ipo Urambo? Nililima tumbaku. Baba yangu alilima, nami nikalima, ikasomesha watoto. Mmoja ndiye kanilipia meli hii."

"Mkiivuna mnaipeleka wapi?"

"Tunaikausha, tunaifunga marobota, lori linakuja. Likishaondoka sisi hatujui tena. Nilisikia nyingine inakuja kwenu Morogoro."

Baba alitafuna karafuu yake. Nami nilijua kinachokuja.

"Mimi ndiye niliyekuwa nayafungua hayo marobota," akasema. "Kumbe ni wewe uliyeniua."

Ilikuwa imesemwa kwa sauti ileile ya utani. Nilingoja tusi la kurudisha. Upande wa pili nikasikia kiti kinasogezwa.

"Mtani," mzee Maganga akasema, na mara hii sauti ilikuwa chini. "Sikujua kama kule mwisho kuna mtu."

"Usishushe sauti," baba akamwambia. "Wewe usishushe."

Ile sauti ikajikohoza, ikajikusanya. "Basi kama nimekuua mimi, nitakuja kukuzika mimi. Usinipe kazi ya kupanda milima yenu wakati wa mvua, Mluguru mbaya wewe. Kufa kiangazi."

"Nitakufa masika," baba akasema. "Uteleze."

Bandarini mimi na Pius tuliwaona wazee hao kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama pamoja bila ule ukuta. Mzee Maganga alikuwa mfupi, mdogo kuliko sauti yake. Walishikana mikono kwa muda mrefu, wakatazama pembeni, kama watu wasiojuana.

Kupanda mlima tena

Baba alikufa masika, kama alivyoahidi. Je, zile safari za kuingia na kutoka kwenye baridi zilimpunguzia siku? Nimemuuliza daktari, akasema kifua kilikuwa kimekwisha siku nyingi. Lakini madaktari nao wana adabu zao, siwezi kujua kama alinijibu au alinipa pole. Pius haulizi. Mama anasema alirudi akiwa anacheka, na hilo linamtosha. Mimi halinitoshi, lakini sina la kuweka mahali pake.

Pius ndiye aliyempigia mzee Maganga simu. Hatukutegemea aje. Mlimwona wenyewe alivyofika, amepandishwa kwa pikipiki mpaka ilipokwama, na kutoka hapo amepanda kwa miguu, magoti yake yaleyale, suruali tope mpaka kiunoni. Padri alikuwa amemaliza sala. Jeneza lilikuwa linakaribia kushushwa, na yule mzee akapita katikati ya watu, akakaa juu ya udongo ukingoni mwa kaburi, akazuia lisishushwe.

Wazee wetu wakamwacha, wanamjua mtani wakimwona. Nyinyi wa mjini mkanitazama mimi.

Akagonga jeneza mara mbili, taratibu.

"Hodi, mtani, navuta."

Akainamisha sikio. Akangoja. Alingoja kwa muda uleule baba aliokuwa akiuchukua kuinuka kwenye kiti siku za mwisho melini. Nadhani ni mimi na Pius tu tuliolijua hilo.

"Hajibu," akawaambia watu. "Leo ameingia kabla sijagonga. Mluguru hana adabu."

Kisha akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha baba kabisa, na ule mluzi mwembamba mwishoni, na mkono unaotafuta pampu hewani. Hapo ndipo watu walipocheka, kuanzia kwa mama. Aliyeuliza kwa nini hatukumtoa, jibu ni hilo. Mama alicheka kwanza, akalia baadaye. Tangu aanze kushusha sauti hakuwa amefanya hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Baada ya mazishi, watu wakiwa wanakula, nilikuwa nimesimama uani karibu na banda la jiko. Mzee Maganga alikuja na sahani yake ya ubwabwa, haijaguswa, akaiweka chini. Akatoa sigara na kiberiti. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu. Akaniona, akasita. Kisha akanyoosha mkono akagonga nguzo ya banda, mara mbili.

"Hodi," akasema. "Navuta."

Kifua changu mimi ni kizima. Uwanja ulikuwa mpana, na ningeweza kusogea hatua chache tu upande wa pili.

"Subiri niingie," nikamwambia.

Nikaingia jikoni, nikavuta mlango, nikakaa juu ya kinu kilicholazwa nikimsikiliza. Kiberiti kikawaka. Kisha nikasubiri agonge tena aniambie nitoke, na alikawia sana kugonga.